Lumbesa

Meza yangu Mwanjelwa ina upana wa trei mbili za mayai.
Juu yake simu za watu zimelala chali, tumbo wazi,
na mimi nina bisibisi, mswaki wa zamani, na masikio.

Masikio ndiyo yanayochoka kwanza.
"Kamera nne, na sura bado ni yangu ileile."
"Eti chaji inauzwa mbali! Kesho watauza na kioo mbali."
Ambakisye wa bodaboda, ambaye kila Ijumaa huja kusafishiwa spika,
anashikilia kwamba simu ilikoma kuwa simu
siku walipoigandisha mgongo kwa gundi:
"Kitu usichoweza kukifungua, dada, umekikodi tu."
Naitikia kwa kichwa. Napuliza vumbi. Elfu tatu.

Usiku ni wangu.
Kompyuta niliipata kwa deni, mimi mtu wa tatu kuimiliki.
Herufi N imeng'oka, nabonyeza tundu lake
kwa kijiti cha kiberiti.
Nangoja saa sita, bando la usiku lifunguke,
nishushe masomo ya kijana mmoja wa Kihindi
anayesema kama anakimbizwa na mvua.
Blanketi mabegani. Baridi ya Juni imeshahamia kwenye meza.

Nilituma maombi Dar, kampuni ya michezo ya simu.
Walijibu kwa upole: uzoefu, miaka mitatu.
Nikahesabu. Miaka minne nafufua simu zilizotumbukia chooni.
Hilo halikuwa na kisanduku chake kwenye fomu.

Basi nikatengeneza wa kwangu.
Hauna bunduki, hauna gari la mbio.
Una gunia.
Wewe ni mkulima, viazi vyako viko kando ya barabara, Isyonje,
mnunuzi anashuka kwenye fuso na kamba na sindano,
anajaza, anashindilia kwa goti, anashona kilemba,
kilemba juu ya kilemba,
mpaka gunia la ndoo sita limemeza tisa
na bei ni ya sita.
Kazi yako: ulidake goti kabla halijashuka.

Wiki tatu ziliishia kwenye goti lile peke yake.
Mara lilipita ndani ya gunia kama mzimu,
mara viazi viliruka juu visirudi;
nikacheka saa nane usiku
hadi mwenye nyumba akagonga ukuta.

Jumapili mama akaja na kabichi.
Mama hana imani na vioo vya kupapasa.
Kitochi chake kimefungwa raba bendi, kinakaa na chaji wiki nzima,
na husema simu inayotaka kulishwa kila jioni
ni mfugo, si simu.
Nikampa yangu. Kidole chake kina ufa wa jembe,
kioo hakikumsikia.
Akakipangusa kwa khanga, akajaribu tena.

Sheria sikumweleza. Alizijua.
Mnunuzi akashuka. Goti likainuka.
Mama hakulidaka.
Akamgeuza mtu wake, akambebesha gunia,
akaanza kwenda kulia, kulia,
akapita fuso, akapita mlingoti wa mwisho niliouchora,
mpaka ukingo wa dunia yangu,
akatumbukia kwenye weusi.

"Ameenda wapi?"
"Hapo hakuna kitu, mama. Sijapaandika."
"Kuna nyumbani," akasema, kama anayenitajia saa.
"Nilikubali kilemba mwaka mmoja tu, wa ada yako ya kidato cha pili.
Miaka mingine niligeuza, nikarudi navyo."
Kisha akauliza kabichi aiweke wapi.

Usiku ule nikafungua faili jipya.
Nikaandika barabara: udongo mweusi, daraja la magogo,
mbwa wa jirani asiye na kazi yoyote kwenye mchezo.
Nilipoufikia mlango, betri ilikuwa asilimia kumi na moja,
umeme umekatika tangu saa tatu,
na neno lililobaki ni "nyumbani".
Lina N mbili.
Nikapapasa gizani, nikitafuta kijiti.